Usingizi unanikimbia tangu hedhi ilipoanza kukatika

SWALI

Shikamoo Dada Mkunga. Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Tabata, na kazi yangu ni kukaanga maandazi ninayouza asubuhi karibu na kituo cha daladala. Hedhi yangu ilianza kuruka miezi yapata mwaka na nusu uliopita, na mara ya mwisho kuiona ni miezi 5 sasa. Shida yangu kubwa ni usingizi. Napanda kitandani saa 3 usiku na kulala mara moja, lakini ikifika saa 7 joto linapanda kutoka kifuani hadi usoni, moyo unakwenda mbio, na baada ya dakika chache khanga niliyotandika chini yangu unaweza kuikamua maji. Joto likiondoka nabaki nikitetemeka kwa baridi, halafu usingizi haurudi tena. Nageuza mto, natazama saa ya simu, nahesabu muda uliobaki hadi saa 10 na nusu ninapowasha jiko. Duka la dawa la mtaani lilinipa dawa mseto mara mbili bila kunipima, kisha likanipa piritoni za kulalia, na sasa nameza 2 kila usiku bila kuona faida. Jirani yangu anasema nimechezewa. Je, hali hii ni ya kawaida, na itaisha lini?

Mama wa Maandazi, Tabata

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Hujachezewa na mtu. Uliyoyaandika, hasa hilo joto linaloanzia kifuani na kuishia katika kijibaridi cha kutetemesha, nimeyasikia kwa wanawake wengi sana katika miaka yangu ya kazi, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuzunguka kwa waganga kabla ya mtu yeyote kuwaeleza kwamba mwili wao ulikuwa ukifunga ukurasa wa uzazi.

Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na tunasema imekoma kabisa pale mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wewe mwenye miezi 5 bado uko njiani (na kwa hiyo, nikuambie hili kwa kupita, mimba bado inawezekana). Katika kipindi hiki homoni za estrojeni na projesteroni hupanda na kushuka bila mpangilio, kisha hupungua kwa jumla. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kusimamia joto la mwili. Estrojeni inapopungua, sehemu hiyo hupoteza uvumilivu wake, hata ongezeko dogo la joto ambalo zamani usingelihisi sasa hulichukulia kuwa hatari, ikafungua mishipa ya damu ya ngozi na kumwaga jasho ili kukupoza. Ndiyo maana unawaka kwanza, kisha unatetemeka. Projesteroni nayo ina tabia ya kutuliza ubongo, na ikipungua usingizi huwa mwepesi, wa kukatishwa na kitu kidogo.

Hata hivyo, naomba usikubali neno langu peke yake kabla ya kupimwa. Hapa Dar es Salaam jasho la usiku lina sababu nyingi. Malaria hupimwa kwa tone moja la damu, na hakuna sababu ya kumeza dawa mseto kwa kubahatisha, achilia mbali mara mbili. Kama una kikohozi cha wiki 2 au zaidi, au unapungua uzito, pima kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Omba pia wapime sukari, wingi wa damu na tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto, jasho na moyo kwenda mbio, mambo yale yale uliyonieleza. Nunua kipimajoto cha kwapani ukiweke karibu na kitanda: joto la kukoma hedhi hukuunguza kweli, lakini halikupandishii homa, na mara nyingi hupita ndani ya dakika 5. Ukikuta nyuzi 38, hiyo ni homa, na homa hutafutiwa chanzo.

Tukiwa tumeondoa hayo, tuje kwenye chumba chako. Godoro la sponji hushika joto la mwili na kulirudisha mgongoni. Jaribu kutandika mkeka wa ukindu juu yake, kisha shuka la pamba, ili hewa ipate pa kupita. Nimewaona wanawake waliodhani wanahitaji kiyoyozi wakapata nafuu kwa mkeka tu. Magauni ya kulalia ya nailoni yaache, jifunge khanga, na weka khanga nyingine kavu juu ya mto ili ukilowa ubadilishe bila kuwasha taa wala kufungua kabati. Usitoe chandarua hata kama unaona kinakuzibia upepo. Sogeza feni karibu zaidi upande wa miguu, na kwa usiku ambao umeme umekatika, kitambaa cha maji shingoni na kwenye viganja husaidia. Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala, kwani yanafungua mishipa ya ngozi na kuacha mwili upoe baadaye, na mwili unaopoa ndio unaolala. Kahawa na chai ya rangi ziishe mchana: kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni kiko nusu damuni saa 4 usiku. Pombe hulaza haraka, lakini huamsha katikati ya usiku na kuzidisha jasho.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawalisemi, na ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha barua yako. Joto linakuamsha saa 7, lakini si joto linalokuweka macho hadi saa 10. Joto lilikwisha kupita. Kinachokuweka macho ni mazoea ambayo kitanda chako kimejifunza: kwa miezi kadhaa umelala pale ukigeuka, ukihesabu saa na kuhofia kesho, hata sasa ubongo wako ukigusa ule mto unajua kwamba hapa ni mahali pa kukesha. Kwa tatizo hili kuna tiba ya kubadilisha mawazo na tabia za usingizi, ambayo madaktari wengi duniani huipa nafasi ya kwanza kabla ya vidonge, na mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani wa Marekani kilipendekeza kila mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu aanzie hapo. Ni vyema kuifanya pamoja na mtaalamu wa afya ya akili au saikolojia, lakini misingi yake unaweza kuianza nyumbani.

Ukiamka na kuona usingizi hauji kwa kiasi cha dakika 20, kwa kukadiria bila kutazama simu, ondoka kitandani. Kaa kwenye kiti sebuleni, taa ikiwa hafifu, ukafanye jambo tulivu: kuchambua mchele wa kesho, kushona kifungo, kusali. Wapo wanaosali wakiwa wamelala huku wakisubiri usingizi; sala ni njema, ila isaliwe nje ya kitanda mpaka kope ziwe nzito, ndipo urudi. Ukikosa tena, ondoka tena. Simu iwe mbali, iwe na mlio wa kukuamsha tu. Wiki ya kwanza utanilaumu, kwa sababu kuinuka usiku ni kazi, lakini usiivunje njiani.

La pili ni kupunguza muda wa kitandani. Unapanda saa 3 na kuamka saa 10 na nusu, yaani unakaa saa 7 na nusu, ilhali unalala saa 4 au 5 tu. Panda saa 5 usiku, si mapema zaidi, na uamke saa 10 na nusu ile ile hata siku ambayo huuzi maandazi. Usingizi ukikusanyika hivyo huwa mzito, na ukiona umelala karibu muda wote kwa wiki nzima, rudisha saa ya kulala nyuma kwa robo saa, wiki kwa wiki. Nakuonya kwa kazi yako: siku za mwanzo mchana utasinzia, na wewe unasimama mbele ya karai la mafuta yanayochemka. Anza wiki ambayo binti au msaidizi anaweza kukaanga nawe, au usimamishe kazi siku chache. Mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, asijaribu hatua hii bila daktari.

Piritoni ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni, ambayo mwili huizoea ndani ya siku chache, ikabaki mdomo mkavu, choo kigumu na uzito wa asubuhi. Ziache. Wala usikubali kupewa diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kulaza, kienyeji, kwani huzoesha mwili, na aliyekwisha kuitumia kwa wiki nyingi hapaswi kuikatisha ghafla bali kuipunguza chini ya usimamizi.

Ikiwa joto bado linakutesa, zipo dawa za kurudisha homoni, ambazo ndizo zenye nguvu kuliko zote dhidi yake. Hofu kubwa juu yake ilitokana na utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulioonyesha ongezeko la saratani ya matiti na maradhi ya moyo, lakini washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63, na uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida mara nyingi huzidi hatari. Mwenye mji wa mimba hupewa estrojeni pamoja na homoni ya kuulinda. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda mishipani au kiharusi, au anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo, hazimfai, ila kuna dawa zisizo na homoni, zikiwemo baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo. Hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala zina kliniki za wanawake. Omba rufaa kutoka kituo chako.

Itaisha lini? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulikuta nusu ya wanawake walihisi joto hili kwa zaidi ya miaka 7, na kwa wenye asili ya Afrika zaidi ya miaka 10. Sikuandikii hivyo kukutisha. Nakuandikia ili usikae ukisubiri lipite lenyewe wakati msaada upo.

SWALI

Mke wangu ana miaka 56, hedhi ilikoma zamani na joto halimsumbui. Analala usiku kucha lakini anaamka amechoka, na siku hizi anakoroma kama hajawahi kukoroma. Je, nayo ni kukoma hedhi?

Mume, Mbagala

JIBU

Inaweza kuwa na uhusiano, ndugu yangu, kwa sababu baada ya hedhi kukoma wanawake huanza kupata kwa wingi tatizo la pumzi kukatika usingizini, njia ya hewa ikizibwa na misuli ya koo iliyolegea. Usiku mmoja kaa macho umsikilize: je, kukoroma kunakatika, kimya kinatanda kwa sekunde 10 au zaidi, kisha anashtuka kama aliyekabwa? Andika mara ngapi kwa saa moja. Yeye mwenyewe hawezi kujua, na daktari atakutegemea wewe. Mpeleke akapimwe presha kwanza, kwani mambo hayo mawili hufuatana, na msimpe dawa yoyote ya usingizi, maana hulegeza koo zaidi.