Maswali ya Wasomaji: Ngoma, Simu na Spika Darasani

SWALI: Nafundisha Sanaa na Michezo, wanafunzi 62. Vifaa vyangu ni simu ya Android na spika ya Bluetooth, basi. Nikirekodi sindimba, sauti inakwaruza. Na watoto wakigonga ngoma za kwenye programu ya simu, mlio unachelewa kutoka. Tatizo ni simu au spika? – Mwalimu, Newala

JIBU: Kila moja lina kosa lake, mwalimu, na yote mawili yanarekebishika bila kununua simu mpya.

Tuanze na kukwaruza. Maikrofoni ya simu imekusudiwa mtu anayeongea. Ngoma ikipigwa nusu mita mbele yake, sauti inazidi uwezo wa simu na vilele vya mawimbi vinakatwa. Kilichokatwa hakirudi, hata ukipunguza sauti baadaye. Sogea mbali, mita 3 au 4 kutoka kwenye ngoma. Simu usiiweke sakafuni wala kwenye meza moja na ngoma, maana mtikisiko utaingia. Ilaze juu ya khanga iliyokunjwa mara nne. Tafuta programu ya kurekodi inayotoa faili la WAV (sauti isiyobanwa) na inayokuruhusu kuzima urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja. Huo ndio unaofanya ngoma kubwa ikilia, njuga na vigelegele vididimie kisha virudi polepole. Mpigaji apige kwanza kwa nguvu zake zote huku ukitazama kipimo cha sauti kwenye programu: kilele kikae kati ya desibeli -12 na -6. Washa hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga simu katikati ya wimbo. Kwa mono (mkondo mmoja wa sauti) ya 44,100 Hz na biti 16, dakika moja hula MB 5 hivi.

Rekodi ngoma zote pamoja, halafu kila ngoma peke yake. Hizo za peke yake ndizo zitakazokufaa zaidi, kwa sababu mtoto hawezi kuiga asichoweza kukitenga kwa sikio. Zicheze kwa programu ya VLC, punguza mwendo hadi 0.75, kimo cha sauti hakitabadilika. Ukishuka hadi 0.5, pigo moja huanza kusikika kama mawili, na darasa litajifunza kosa hilo.

Kuchelewa ni kwa Bluetooth. Sauti hufungashwa, hurushwa, kisha hufunguliwa, na hapo hupotea kama sekunde 0.2. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.5, kwa hiyo anayegonga kioo cha simu amepitwa na karibu nusu ya pigo. Kwa kusikiliza rekodi na kupiga makofi, Bluetooth haina neno, maana wote wanafuata spika ileile. Kwa kugonga kwenye simu, unganisha spika kwa waya wa milimita 3.5, ule wa tundu la spika za masikioni. Bado sishauri: ngoma za kwenye kioo humfaa mtoto mmoja, na wewe una 62.

Badala yake andika 1 hadi 12 ubaoni. Nusu ya darasa wapige makofi kwenye 1, 4, 7 na 10. Wengine wagonge dawati kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Watakutana kwenye 1 na 7 tu. Hiyo si sindimba yenyewe, lakini ni mazoezi ya kushika mapigo mawili huku jirani akishika matatu kwa muda uleule. Wakishaweza, cheza rekodi yako na uwaulize ngoma ipi inafanya kazi ya kundi lipi.

SWALI: Programu ya kupimia nota inarukaruka nikipima ngoma. Je, ngoma ni mbovu? – Mwalimu, Nachingwea

JIBU: Ngoma ni nzima. Programu hizo hutafuta sauti ambayo vimo vyake vya juu ni vizidisho kamili vya kimo cha msingi, kama ilivyo kwa filimbi au koo la mwimbaji. Ngozi haitikisiki hivyo, ndiyo maana namba hazitulii. Ipime kwa sikio. Miezi ya mvua ngozi hunyonya unyevu na kulegea, hivyo ipashe pembeni mwa moto wa nyasi kavu ukiizungusha, na uigonge mara kwa mara. Mlio ukishafikia unaoutaka, iondoe, kwa kuwa ngozi iliyokauka kupita kiasi hupasuka. Programu yako itunze kwa ajili ya filimbi, ukiiweka nota ya A kwenye 440 Hz.

SWALI: Tuna kompyuta moja ya mezani, RAM ya GB 2, na intaneti hakuna. Tuweke nini? – Mwalimu, Lindi

JIBU: Audacity kwa kukata na kupanga rekodi. Kwa kuandika nota, MuseScore toleo la 3. La 4 litasuasua kwenye mashine hiyo. Zote ni za bure na hazihitaji intaneti zikishawekwa. Zipakue mahali penye mtandao na uzibebe kwa flashi, lakini kwanza angalia kama Windows yenu ni ya biti 32 au 64, maana faili la biti 64 halitafunguka kwenye ya 32.