A39.9 si kapu la kila homa ya uti wa mgongo

Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, msimbo A39.9 una maana moja tu: mgonjwa ana maambukizi ya meningokokasi, mmoja wa bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo, ila faili halisemi ugonjwa umekaa wapi mwilini. Bakteria anajulikana, makao yake ndiyo hayajulikani. Makarani wengi wa kumbukumbu wanaugeuza: wanauweka pale ambapo makao yanajulikana, yaani utando wa ubongo, lakini bakteria hajulikani. Hapo takwimu zinaharibika, na kwa wilaya za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, zilizo ndani ya ukanda wa Afrika wa ugonjwa huu, hilo si kosa dogo hata kidogo.

Faili likisema "homa ya uti wa mgongo" bila zaidi, msimbo ni G03.9. Likisema ni ya bakteria bila kumtaja, ni G00.9. Ya nimokokasi, bakteria mwingine, ni G00.1, ya kifua kikuu ni A17.0. Kuweni waangalifu hasa na kriptokokasi, ambayo ni fangasi na ni B45.1, kwetu Uganda inawapata sana wagonjwa wenye VVU. Neno likikatwa na ukingo wa rejista likabaki "...kokasi", usikisie. Matibabu ya meningokokasi, nimokokasi na kriptokokasi ni tofauti: ukikuta fluconazole, dawa ya fangasi, kwenye karatasi ya dawa, una sababu nzuri ya kumrudia daktari na kumwuliza.

Kabla ya kukubali A39.9, fungua maelezo ya kulazwa, majibu ya maabara, karatasi ya dawa na fomu ya kuruhusiwa. Mara nyingi jibu limo. Daktari akiandika kwamba meningokokasi imeshika utando wa ubongo, ni A39.0, na G01, msimbo wa homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na ugonjwa wa bakteria wenye msimbo wake kwingine, huambatana nayo. Lakini G01 ina alama ya nyota, kwa hiyo haisimami peke yake kamwe. Ikiwa kwenye damu na ni ya ghafla, ni A39.2, kama hakusema ni ya ghafla au sugu, A39.4. Tezi za juu ya figo zikivuja damu, A39.1. Moyo ni A39.5, maungio ya mifupa na macho A39.8. Mgonjwa mwenye ugonjwa kwenye utando na kwenye damu pia anapewa misimbo yote miwili.

Jambo jingine linalosumbua ni karatasi ya maabara. Inasema "kokasi wawiliwawili, Gramu hasi" (umbo na rangi ya bakteria chini ya darubini, kama wa meningokokasi) katika maji ya uti wa mgongo, na karani anaandika A39.0 papo hapo. Dalili ni nzito, lakini kazi ya kutaja ugonjwa ni ya daktari. Mpelekee faili, aandike kwa mkono wake na atie sahihi, ndipo uweke msimbo. Kinyume chake pia: kipimo cha kuotesha kikirudi bila kitu, hakifuti alichoandika daktari. Meningokokasi ni dhaifu; sampuli ikiwekwa kwenye friji, ikichelewa zaidi ya saa 1, au mgonjwa akiwa ameshaanza ceftriaxone, dawa ya kuua bakteria, hufa kabla ya kuota. Dawa lakini isicheleweshwe kwa ajili ya sampuli.

Tena, usichanganye msimbo na taarifa ya wiki. Fomu ya HMIS 033b, ya taarifa ya magonjwa ya kila wiki Uganda, inahesabu wanaoshukiwa, kwa hiyo haingoji mgonjwa aruhusiwe. Eneo lenye watu chini ya 30,000, wagonjwa 2 kwa wiki ni tahadhari na 5 ni mlipuko. Kati ya 30,000 na 100,000, tahadhari ni wagonjwa 3 kwa kila watu 100,000 kwa wiki, mlipuko ni 10. Karani akikaa na faili mezani akisubiri msimbo uliokamilika, wiki ya tahadhari inapita.

Mwisho, angalia orodha unayotumia. Ukitafuta intaneti utakutana na A39.81, A39.83 na nyingine zenye tarakimu nyingi: hizo ni za toleo la Marekani. Toleo la WHO, Shirika la Afya Duniani, lina A39.8 tu, bila tarakimu ya ziada. Na mnaoanza kuhamia ICD-11, toleo jipya la orodha hii, kundi lote la meningokokasi ni 1C1C, na lisilobainishwa ni 1C1C.Z.