Mjukuu anatema dawa, bibi halali

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi wa miaka 58, nauza mihogo hapa Busia upande wa Uganda. Namlea mjukuu wa miaka 11, mamake alifariki, mtoto alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Dawa nampa saa tatu usiku habari zikianza redioni, namwambia ni za kifua. Juzi natandika kitanda nikakuta vidonge kwenye mshono wa godoro, vingine vimeshalowa mate na kumung'unyika. Tangu hapo silali, nashtuka usiku namsikiliza kama anapumua, sokoni nalia tu, chakula hakishuki. Majirani hawajui na sitaki wajue. Haya ni mapepo au nini?

JIBU: Shikamoo bibi, na pole sana. Hayo si mapepo. Kukosa usingizi, kulia ovyo, chakula kukataa, hizo ni dalili za sonona, ni ugonjwa kama malaria na una matibabu. Umezika binti, umebeba siri na dawa za kila siku peke yako, nani asingechoka?

Kuhusu vidonge, tafadhali usimchape. Mtoto wa miaka 11 anaambiwa dawa za kifua na wala hakohoi, lazima ajiulize, na wengi wa umri huo wameshahisi kitu ila wanaogopa kuuliza. Shirika la Afya Duniani tangu 2011 linasema watoto wa umri wa kwenda shule, miaka 6 hadi 12, waambiwe hali yao. Mimi naona hiyo siri ndo inawatafuna wote wawili. Lakini usimwambie kwa hasira usiku, nenda klinik na hivyo vidonge ulivyovikuta, hata wakigomba kidogo vumilia, watampima wingi wa virusi na kaunsela atakaa nanyi mumwambie pamoja, polepole. Na asikie hili pia: akimeza vizuri virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, atasoma, ataoa, na hatamwambukiza mkewe.

Halafu bibi, ukifika klinik usiongelee mtoto tu. Kila mara wanauliza anakulaje, anamezaje, wewe hakuna anayekuuliza, basi sema mwenyewe kwamba hulali. Uliza kama wana kikundi cha walezi. Kule kaskazini mwa Uganda, Kitgum, Gulu na Pader, Dkt. Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waliweka watu wenye HIV na sonona kwenye vikundi, wanaongozwa na wahudumu wa kawaida waliofundishwa, na matokeo yaliyotoka 2020 yalionyesha sonona imepungua sana. Wale walikuwa wagonjwa wenyewe, si walezi, ila kukaa na wenzako wanaojua huo mzigo kutakusaidia na wewe.

Yakikujia mawazo ya kutaka kufa usingoje siku ya klinik, nenda siku hiyohiyo, wakupeleke hospitali ya mkoa Mbale, wana idara ya afya ya akili. Na kama kuna ndugu mmoja tu unamwamini, mpe zamu ya dawa hata Jumamosi, wewe ulale mapema.