Harusi ya watu 30 Zanzibar: wikiendi ya Valentine ina shida, tena mbili

Anti shikamoo. Mimi na mchumba wangu tunaishi Dar, wote Wakatoliki, na tumechoka na harusi za ukumbini za watu mia nne ambazo nusu yao hata huwajui. Tunataka kitu kidogo, watu 30 tu, rizoti ya baharini huko Zanzibar. Mwenzangu keshaamua iwe Jumamosi tarehe 13 Februari 2027 ili Valentine tuamke nayo tukiwa mume na mke. Padri atufungishie palepale mchangani saa kumi jioni, tupige picha jua likizama, afu msosi. Kaka yake atatoka Uingereza. Tuanzie wapi?
Mtarajiwa, Tabata

Marahaba mwanangu na hongereni sana. Muanzie kwenye kalenda, kabla hamjapiga simu hata hoteli moja. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, yaani hiyo Jumamosi yenu mko siku ya nne ndani ya Kwaresima, na parokia zetu nyingi hazifungishi ndoa Kwaresima, labda uwe na sababu ya kumfanya paroko ainuke kwenye kiti. Na Ramadhani inategemewa kuanza siku hizohizo, karibu tarehe 8. Sasa fikiria Zanzibar ya mwezi wa Ramadhani, mama ntilie wamefunga mchana, muziki wa kuchunga, dereva wenu amefunga, mpishi amefunga, nyie mnagonga glasi. Hoteli itawapokea vizuri tu maana biashara ni biashara, lakini mimi nisingefanya hivyo kwenye kisiwa cha watu. Mwambieni bwana harusi Valentine ipo kila mwaka.

La pili ni huyo padri wa mchangani. Kwa utaratibu wa Kanisa ndoa ya Wakatoliki wawili inafungwa kanisani, na kuitoa nje mpaka ruhusa ya askofu, ambayo kwa sababu ya "picha zitatoka vizuri" sidhani kama mtaipata. Ila hamjakwama! Mjini Unguja kuna Kanisa la Mtakatifu Yosefu, wenyewe wanaliita Minara Miwili, la tangu miaka ya 1890 mwishoni, zuri kweli, lipo katikati ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Fungeni ndoa pale saa nne asubuhi na hao watu wenu 30, afu mpande magari mwende ufukweni mkale, mkacheze, mkapige picha mpaka mchoke. Mwanzieni paroko wenu wa Tabata, yeye ndo atawaandikia barua ya kwenda kufungia parokia nyingine, mtapitia semina, vyeti vya ubatizo na matangazo ya Jumapili kama kawaida. Msimfuate akiwa na wiki mbili mkononi, mfuateni akiwa na miezi sita. Na msije kudanganywa na mtu kwamba mtasajili Zanzibar kwa sheria ya ndoa ya 1971 hii tuliyoizoea huku, ile ni ya Bara, visiwani wana sheria zao, kwahiyo ulizeni parokia ya kule utaratibu wao wa cheti mapema.

Haya, tarehe gani sasa. Pasaka 2027 ni tarehe 28 Machi, na ikiisha tu tunaingia masika, Aprili na Mei mvua inanyesha mpaka hoteli nyingine zinafunga kufanya ukarabati. Mimi naona Juni. Na ndani ya Juni msichague tarehe kwa kuangalia mshahara, angalieni mwezi, nasema mwezi wa mbinguni.

Hapa nitawachosha kidogo maana ndo mahali watu wa Dar tunapoumbuka. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na ukanda wetu huu siku za bamvua maji yanajaa kabisa kwenye saa kumi kumi, alfajiri na jioni, afu yanapwa kwenye saa nne. Katikati ya hapo ni maji mafu, mambo yanapoa, na saa zinageuka, jioni ya saa kumi ndo yamepwa. Binamu yangu alifanyia sherehe yake upande wa mashariki, hoteli siitaji, wamepanga viti saa nne asubuhi mchanga mpana kama uwanja wa mpira, kila mtu anasifia, saa kumi maji yako kwenye miguu ya viti, mama mkwe kashika viatu mkononi na gauni kalikunja magotini, na MC anasema "bahari imekuja kuwapongeza". Kumbe ilikuwa bamvua na mvuvi yeyote wa pale angewaambia bure.

Sasa Juni 2027 mwezi utaandama kwenye tarehe 4 na utakuwa mpevu tarehe 19, ambayo ni Jumamosi. Tarehe 12 nayo Jumamosi, ni maji mafu. Mkitaka jua linazama baharini inabidi mwende upande unaotazama magharibi, Kendwa, sehemu ya Nungwi, au Michamvi Kae. Paje, Jambiani, Matemwe, Kiwengwa kote huko mnatazama mashariki, jua linazama nyuma yenu kwenye minazi, na nimeona watu wamelipia kabisa picha za machweo Paje wakaishia kupigwa picha na ukuta wa jikoni. Afu Juni ni kusi, upepo unapiga pwani ya mashariki kweli kweli, si unaona wale wazungu wa kuruka na maparashuti Paje, basi ndo upepo huohuo utaichukua shela yako. Kendwa kumekingwa zaidi na maji hayakimbii mbali, hata bibi ataingiza miguu saa yoyote.

Kwa hiyo jibu la busara ni Kendwa. Ila mimi kwa moyo wangu ningechukua tarehe 19 mashariki, kwenye hoteli yenye bustani ya majani juu ya mchanga, meza zikae huko juu, saa kumi maji yamejaa mpaka ukingoni rangi ile ya kijani, jua likishazama kwenye saa kumi na mbili na robo mnakaa mezani, na giza linaanza kushika tu mwezi mzima unatoka baharini mbele yenu. Machweo kila mtu anayo kwenye simu yake. Shela funga na pini nyingi.

Mengine haraka haraka. Mkiomba bei semeni mwanzoni kabisa kuwa ni Watanzania, hoteli nyingi zina bei ya wakazi na hawakupi usipoiuliza. Ulizeni kama kodi imo ndani, kama mkileta mpiga picha, keki au vinywaji vyenu mnatozwa, na muziki unazimwa saa ngapi, na majibu yaje kwa maandishi, sio "hamna shida dada". Boti za kasi toka Dar ni kama masaa mawili, ila msimu wa kusi zinarusha, wazee wavukeni siku moja kabla, na toka mjini hadi Kendwa wekeni saa moja na nusu. Kaka wa Uingereza kama ana paspoti ya kule ajue kuanzia Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanalipia bima ya lazima, dola 44 mtu mzima, alipe mtandaoni kabla hajapanda ndege.

Anti, nataka harusi ya watu 25 Bagamoyo kwenye hoteli ya ufukweni. Mama anasema niunde kamati nikusanye michango maana nimechangia watu miaka sita na ni zamu yangu. Nifanyeje?
Bwana Harusi, Morogoro

Mama hajakosea hesabu, michango yetu ni deni tu ambalo halijaandikwa. Ila huwezi kuchukua elfu hamsini ya mtu afu usimpe kadi, utakutana nae msibani na hatakusalimia. Kwahiyo chagua. Ama ulipe harusi yako mwenyewe, watu 25 Bagamoyo inalipika, hakuna boti, ni kilomita sabini hivi toka Dar, na hao waliobaki uwapikie pilau nyumbani kwa mama Jumapili yake bila kadi wala kamati. Ama ukusanye na uingie ukumbini kama wengine. Grupu la WhatsApp la "tunaomba sapoti" halafu picha zinatoka mko ishirini na tano mnakula kamba, hapana mwanangu. Na hao 25 waambie kwenye meseji ya kwanza kabisa nani analipia chumba, watu wanaona aibu kuuliza, wanaishia kusema wana safari ya kikazi.

Asalam aleykum anti. Mimi binti wa Tanga, natamani nikah iwe kwenye hoteli ya Ushongo, Pangani. Baba anaogopa haitaswihi.
Mwana wa Pwani

Waaleykum salaam. Nikah haihitaji msikiti mwanangu, inahitaji walii wako, mashahidi wawili, mahari na ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuozesha na ya kukubali, hivyo hata chini ya mnazi inaswihi. Mtafuteni sheikh anayefungisha na kutoa cheti mumpeleke. Kinachomsumbua baba nadhani ni kingine, kwamba mpwa wa mtu atapita na chupi ya kuogelea katikati ya khutba, na kweli anaweza, maana ufukwe sio wa hoteli. Ombeni bustani ya pembeni na muda wa baada ya alasiri. Vitambulisho vya mashahidi akabidhiwe mjomba mmoja tangu usiku, huwa vinabaki kwenye shati la jana.