Re: Nimekwama pushapu 12, mwezi wa pili huu

Salama mkuu. Unasema unapiga mpaka uchoke kila siku, ila ya 13 kiuno kinadondoka na mikono inatetemeka.

Cheki viwiko kwanza. Mimi nilikwama 15, na hapo nabeba magunia ya dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, najiona chuma. Jamaa akanirekodi kwa simu: viwiko vimetanuka kama mbawa za kuku! Virudishe nyuma kidogo, nyuzi 45 hivi kutoka ubavuni, halafu kaza tumbo na makalio mwili unyooke.

Pili, acha kupiga kila siku. Misuli inajengeka ukipumzika. Mimi nilihamia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: raundi tano za pushapu 7, katikati napumzika dakika mbili. Saba tu, ndiyo, hata kama unaona aibu. Shuka polepole ukihesabu moja mpaka tatu, kifua kikaribie chini, panda kwa nguvu. Kiuno kikianza kulegea usilazimishe; weka mikono juu ya benchi umalizie hapo. Mie nilitumia ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Kila wiki ongeza moja kwa raundi. Wiki ya sita nilifika 24 mfululizo.

Chakula kula vizuri, maharage na samaki kama migebuka vinatosha, hayo mapoda ya kujenga misuli achana nayo.

Ila hilo bega ulilosema linachoma ukishuka, mimi si daktari. Kama linauma hata ukivaa shati, simamisha zoezi, nenda wakalitazame.