Maneno ya kale ya Kiingereza ya msosi na kinywaji, usishee kila unaloliona

Siku hizi ukishika simu tu unakutana na posti ya maneno ya Kiingereza yaliyosahaulika na watu wanashea fasta bila kuuliza yametoka wapi. Mimi haya maneno nayapenda sana, hasa ya kula na kunywa, kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujashea neno, kalitafute kwenye kamusi ya enzi hizo. Ya Samuel Johnson ya 1755 ipo bure mtandaoni, na ya Francis Grose ya 1785 pia, hiyo ndo tamu zaidi maana jamaa alikusanya lugha ya mitaani na ya walevi, sio ya mabwana wakubwa.

Kwa Johnson utamkuta smellfeast, yaani mnusa karamu, mtu wa kuzungukia meza za watu. Mdoezi kabisa, kumbe wapo kila mahali.

Kwa Grose kuna heel tap. Asili yake ni kijipande cha kwenye kisigino cha kiatu, halafu likageuka kuwa kinywaji kilichobaki chini ya glasi, na ukibakisha pale mezani msimamizi anakuambia umalizie heel tap yako wenzio wanakusubiri. Alafu kuna supernaculum, hili nacheka kila nikilisoma: unakunywa yote, unapindua glasi juu ya ukucha wa dole gumba la kushoto, watu waone hakijabaki hata cha kulowesha ukucha.

Ushauri mwingine, usikariri maana tu, jiulize walikuwa wanakula saa ngapi na kwenye nini. Nuncheon mwanzoni kilikuwa kinywaji cha mchana, bever ni kitafunwa cha katikati ya milo, kama chai yetu ya saa nne vile. Trencher zamani ilikuwa slesi nene ya mkate mkavu uliolala, ndo sahani yenyewe, mchuzi unaingia humohumo na baadae wanapewa maskini au mbwa. Hapo trencherman, mtu wa kula kwelikweli, linakaa kichwani lenyewe.

Ila kwenye intavyuu usijaribu kuyatumia kabisa, ukisema bever hata Waingereza wengi watakutolea macho. Trencherman hilo bado unaweza kulikuta kwa waandishi wa sasa, anza nalo hilo.