Anza na mashine pepe, wingu lifuate

Ndugu, umeuliza uanze kujifunza wingu (kompyuta za kukodi kupitia intaneti) au mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta halisi). Anza na mashine pepe. Programu iitwayo haipavaiza hugawa prosesa, kumbukumbu na diski za seva moja, na kila mashine pepe huendesha mfumo endeshi wake kana kwamba iko peke yake. IBM walitangaza VM/370, mfumo wao wa mashine pepe, mwaka 1972. Amazon walipofungua EC2, huduma yao ya wingu, mwaka 2006, walichokodisha kwa saa kilikuwa mashine pepe vilevile.

Pakua VirtualBox, haipavaiza ya bure, usakinishe mfumo endeshi wa Linux ndani yake. Ukienda kwenye wingu, tafadhali weka kwanza tahadhari ya bajeti, yaani ujumbe wa kukuonya gharama zikifikia kiasi ulichopanga. Hiyo hukuarifu tu, haizimi kitu: mashine uliyosahau kuizima huendelea kukuhesabia gharama usiku kucha.